Rapa Mweusi kwenye Vyombo Vikubwa vya Habari vya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekaa kwenye dawati la burudani miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutafsiri habari za wasanii wa Marekani kwenda Kiswahili. Maswali haya yametoka kwa wasomaji na kwa waandishi vijana ninaofanya nao kazi. Nimeyajibu kwa urefu ambao kila swali limenidai.

Dhana za kimbari kwenye habari za hip hop ni kitu gani hasa?

Ni mazoea ya kumwandika rapa mweusi kana kwamba habari yake inajulikana kabla hajafungua mdomo: ni mhuni, ni wa genge, ana bunduki, pesa zake zina mashaka, na anachoimba ndicho anachokifanya. Mara nyingi haya hayasemwi wazi. Hukaa kwenye picha iliyochaguliwa, kwenye kitenzi cha kichwa cha habari, kwenye jambo lililowekwa aya ya kwanza na lile lililosukumwa aya ya kumi.

Kwangu mimi kipimo ni kimoja. Mwimbaji mzungu akiimba mauaji, mwandishi huuliza: "Anamaanisha nini?" Rapa mweusi akiimba mauaji, mwandishi huuliza: "Alimuua nani?" Wa kwanza anasomwa kama msanii. Wa pili anasomwa kama mshukiwa anayeungama.

Mambo haya yalianza lini?

Hip hop yenyewe huhesabiwa kuanzia Agosti 11, 1973, kwenye sherehe ya DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx. Kwa miaka kadhaa magazeti makubwa hayakujishughulisha nayo. Yalipoigeukia, yaliigeukia kwa hofu.

Tukio linalotajwa sana ni la Agosti 1986 kwenye ukumbi wa Long Beach, California. Kundi la rap la Run-DMC lilikuwa halijapanda jukwaani wakati vijana wa magenge ya mji huo walipoanza kupigana ukumbini, na watu wapatao 40 wakaumia. Run-DMC walikuwa wageni waliotoka Hollis, Queens, upande wa pili wa nchi, na mmoja wao, Darryl McDaniels, aliwahi kusoma Chuo Kikuu cha St. John's. Hata hivyo mjadala uliofuata haukuwa juu ya magenge ya Los Angeles wala ulinzi wa ukumbi. Ulikuwa juu ya rap: je, muziki huu unaleta vurugu? Tangu hapo swali hilo halijaondoka.

Machi 1990 jarida la Newsweek liliweka rap kwenye jalada lake kama sura ya hasira, na picha iliyotumika ilikuwa ya Tone Loc, mtu aliyejulikana kwa nyimbo za kuchezea kwenye pati. Alipewa hasira ya watu wote aliofanana nao rangi.

Mbona hata muziki wa roki ulilaumiwa? Kwa nini mnasema ni rangi?

Ni kweli ulilaumiwa. Mwaka 1985 Baraza la Seneti la Marekani lilifanya kikao kizima kuhusu mashairi ya muziki, na waliolengwa zaidi walikuwa wanamuziki wa metali, ule wa magitaa mazito ya umeme. Lakini tazama lawama zilivyogawanywa. Mwanasosholojia Amy Binder alipitia maandishi ya magazeti na majarida ya Marekani kuhusu aina hizo mbili za muziki, na utafiti wake ukachapishwa 1993. Aligundua kwamba metali iliandikwa kama hatari kwa msikilizaji mwenyewe: kijana wetu atapotoka, ataingia kwenye dawa, atajiua. Rap iliandikwa kama hatari kwa watu wengine: kijana huyu atatoka nje na kutudhuru. Mtoto wa kizungu anahitaji kulindwa na muziki. Mtoto mweusi, sisi ndio tunaohitaji kulindwa naye.

Kuna kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1992 Ice-T na bendi yake, Body Count, walitoa wimbo kuhusu kumuua polisi. Body Count ni bendi ya metali: magitaa, ngoma, makelele, kila kitu. Lakini kwa kuwa aliyesimama mbele alikuwa mtu mweusi anayejulikana kwa kurap, wimbo ukaitwa rap magazetini na kwenye hotuba za wanasiasa, hadi Rais George H. W. Bush akaingilia. Masikio yalisikia gitaa, kalamu ikaandika rangi. Julai mwaka huohuo Ice-T aliuondoa kwenye albamu.

Kuna ushahidi wa kitafiti, au ni malalamiko tu?

Upo, na ni rahisi kuuelewa. Katikati ya miaka ya 1990 mtafiti Carrie Fried alichukua mashairi ya wimbo wa zamani wa kundi la wazungu, Kingston Trio, unaohusu mtu aliyemuua afisa wa polisi. Aliwapa watu wayasome yakiwa yameandikwa tu, bila sauti wala ala. Baadhi waliambiwa ni rap, wengine wakaambiwa ni kantri, muziki unaohusishwa zaidi na wazungu. Katika sehemu nyingine ya jaribio, maneno yaleyale yaliambatanishwa na picha ya msanii mweusi au ya msanii mzungu.

Waliodhani wanasoma rap, au waliomwona msanii mweusi, waliona maneno yale yanaudhi zaidi na ni ya hatari zaidi. Wengine waliyaona ya kawaida. Hakuna silabi iliyobadilishwa. Mwaka 2016 watafiti wengine walirudia jaribio hilo, na neno "rap" peke yake likatosha tena kuwafanya watu waone mashairi yale ni mabaya zaidi na ni habari za kweli zaidi.

Nakuomba ulisome jambo hili kama mwandishi. Anayeandika "wimbo wa rap" kwenye kichwa cha habari ameshamwekea msomaji miwani kabla hajaanza kusoma.

Lakini wao wenyewe wanaimba bunduki, dawa na kutukana wanawake. Vyombo vya habari vina kosa gani kuripoti wanachosema?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi ya yote, na aliyeuliza ana haki ya kujibiwa vizuri.

Sikatai yaliyomo. Kuna nyimbo za rap nisizoweza kuzipiga mbele ya mama yangu, na kuna mistari inayowadhalilisha wanawake ambayo siwezi kuitetea kwa hoja yoyote ya sanaa. Ninachokataa ni usomaji unaofuta tofauti kati ya msimulizi na mtu.

Sisi tuliosoma fasihi simulizi shuleni tunalijua hili bila kufundishwa na Mmarekani. Tulisoma vivugo, yaani majigambo. Mtu anasimama mbele ya watu na mkuki au rungu, anajisifu jinsi alivyowafyeka maadui, alivyovuka mto wenye mamba, alivyo simba peke yake. Wahaya wanayo, na jamii nyingine nyingi za ukanda wetu. Msikilizaji hakimbilii kituo cha polisi kuhesabu maiti. Anapima ufundi wa maneno na ukali wa taswira. Hata kwenye taarabu, anayeimba "mimi" huenda anamsemea mtu mwingine kabisa, na fumbo lote liko hapo. Majigambo ya rap ni ndugu wa majigambo hayo: kutia chumvi ni kanuni ya mchezo, na anayesikiliza anaijua.

Wamarekani nao wanajua kusoma hivyo wanapotaka. Johnny Cash, mwimbaji mzungu wa kantri, aliimba mwaka 1955 kwa sauti ya mtu aliyempiga mwenzake risasi mjini Reno ili tu amwone akifa, na akawa nguzo ya muziki wa taifa. Eric Clapton, mpiga gitaa mzungu wa Uingereza, alifika namba moja mwaka 1974 kwa wimbo wa Bob Marley kuhusu kumpiga risasi mkuu wa polisi. Hakuna mhariri aliyetuma mwandishi kumtafuta marehemu.

Halafu kuna suala la nani anachaguliwa. Marapa wanaoimba familia, imani, vita vya nafsi na siasa wapo tangu mwanzo. Kampuni za rekodi ziliona ule wa bunduki unauzika, zikausukuma, na vyombo vya habari vikauchukua kama sura ya wote. Hata rapa mtaratibu hakupona: Mei 2011 Michelle Obama alipomwalika Common Ikulu kwenye jioni ya mashairi, watangazaji wa Fox News na wanasiasa wa kihafidhina walimpaka sura ya jambazi. Kwa waliomfahamu Common ilikuwa kama kusikia imamu wa mtaani kwako anaitwa mvuta bangi.

Eminem, rapa mzungu, je? Naye alishambuliwa.

Alishambuliwa sana, na mwaka 2000 jina lake lilitajwa kwa ubaya mbele ya Seneti. Lakini karibu tangu mwanzo wahakiki walimpa kitu ambacho wenzake weusi hawakupewa: walikubali kwamba Slim Shady, jina analojiita kwenye nyimbo zake, ni mhusika aliyetungwa. Waliandika makala ndefu kutenganisha mhusika na mtunzi. Ninataka usomaji huohuo uwe wa wote.

Tupac alikuwa jambazi au mshairi?

Kwetu Afrika Mashariki Tupac yuko kwenye vioo vya daladala na matatu, kwenye vinyozi, kwenye fulana za mitumba. Picha tuliyompokea nayo ni ile iliyopita kwenye magazeti ya Marekani: tatoo, kitambaa kichwani, kidole cha kati. Kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mama yake, Afeni Shakur, alikuwa mwanachama wa Black Panther, chama kilichopigania haki za watu weusi, aliyeshtakiwa na wenzake New York na kuachiwa huru Mei 1971. Tupac alizaliwa mwezi uliofuata. Alisoma shule ya sanaa ya Baltimore, akajifunza uigizaji, ushairi na hata baleti. Alikuwa na umri wa miaka 25 alipouawa, Septemba 1996. Pia alitiwa hatiani kwa unyanyasaji wa kingono na kufungwa mwaka 1995, na hilo lazima liandikwe. Mtu huyu alikuwa yote hayo. Lakini mwaka 1992 Makamu wa Rais Dan Quayle alisema albamu ya Tupac haina nafasi katika jamii, baada ya kijana mmoja wa Texas kumuua askari na mawakili wake kudai alichochewa na kanda hiyo. Waamuzi wa kesi, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuisikiliza, hawakuikubali hoja hiyo. Magazeti yalikuwa yameshaipokea.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi wetu hatukuliona. Geronimo Pratt, baba wa ubatizo wa Tupac, naye mwanachama wa Black Panther, alikaa gerezani Marekani miaka 27 kwa mauaji, hadi hukumu yake ilipofutwa mwaka 1997. Alipotoka alikuja kuishi Tanzania, kijiji cha Imbaseni, nje kidogo ya Arusha, jirani na rafiki yake Pete O'Neal, ambaye ameishi nchini humu tangu 1972. Pratt alifia hapo Imbaseni, Juni 2011. Daladala zenye sura ya Tupac zilikuwa zikipita barabara ya Arusha na Moshi kila siku, umbali mfupi kutoka kwa mzee aliyeweza kusimulia huyu kijana alitoka katika familia gani na katika mapambano gani. Tulikuwa na fulana. Hatukuwa na habari.

Na ile vita ya Mashariki na Magharibi, ya marapa wa New York na wa Los Angeles, si magazeti ya hip hop ndiyo yaliyoikuza?

Ndiyo, na hawa hawawezi kujificha nyuma ya vyombo vya wazungu. Jarida la Vibe, lililoandika hip hop kutoka ndani, liliweka ugomvi ule kwenye jalada mwaka 1996. Tupac akafa mwaka huo, Notorious B.I.G., rapa wa New York, akauawa Machi 1997. Ugomvi ulikuwa wa watu wachache wanaojulikana kwa majina. Kwenye jalada ukawa wa nusu ya nchi dhidi ya nusu nyingine.

Rapa Nipsey Hussle anaingiaje hapa?

Baba yake anatoka Eritrea, na mwaka 2018 Nipsey alikwenda huko kuwaona ndugu zake. Alipopigwa risasi Machi 31, 2019, mbele ya duka lake mwenyewe la nguo kwenye barabara ya Slauson, Los Angeles, habari nyingi za awali zilianzia kwenye genge alilowahi kuwa nalo ujanani. Hilo halikuwa uongo; mwenyewe hakulificha. Lakini siku iliyofuata alikuwa na kikao na viongozi wa polisi wa Los Angeles kuhusu kupunguza mauaji ya magenge mtaani kwake. Alikuwa amewekeza kwenye majengo palepale alipokulia, na kwenye ofisi za pamoja za vijana wanaoanza biashara. Habari ya kwanza na habari ya pili zote ni za kweli. Iliyopewa aya ya kwanza ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu.

Wanawake wanaandikwaje?

Vibaya mara mbili. Julai 2020 rapa Megan Thee Stallion alipigwa risasi miguuni. Kwa zaidi ya miaka miwili swali lililozungushwa mitandaoni na kwenye vipindi halikuwa nani alimpiga bali kama anasema kweli; urefu wake, nyimbo zake na wapenzi wake wa zamani vikageuzwa ushahidi dhidi yake. Oktoba 2020 aliandika mwenyewe kwenye New York Times kuhusu jinsi wanawake weusi wasivyolindwa. Tory Lanez, rapa aliyeshtakiwa kwa kumpiga risasi, alitiwa hatiani Desemba 2022 na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 10. Dhana iliyofanya kazi hapa ni ile ya mwanamke mweusi mwenye nguvu asiyeumia. Mtu asiyeumia hapewi pole.

Haya ni maneno ya magazeti. Yanamdhuru nani kwa kweli?

Yanafika mahakamani. Waendesha mashtaka Marekani wamekuwa wakisoma mashairi ya rap mbele ya waamuzi kama ushahidi wa uhalifu. Kwenye kesi moja New Jersey, kurasa 13 za mashairi zilisomwa, mengine yameandikwa miaka kadhaa kabla ya tukio. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikataa mtindo huo, ikakumbusha kwamba hakuna anayeamini Bob Marley alimpiga risasi mkuu wa polisi kweli. California ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kubana matumizi hayo. Lakini Novemba 2023 hakimu wa Georgia aliruhusu baadhi ya mistari ya rapa Young Thug itumike katika kesi yake. Alikuwa ndani tangu Mei 2022, akatoka Oktoba 31, 2024 baada ya kukiri baadhi ya makosa na kupewa kifungo cha nje.

Mwamuzi wa kesi ni raia anayesoma magazeti. Anapoingia kwenye benchi, ameingia na miwani ileile niliyoieleza juu.

Si kuna watu weusi wanaoikosoa rap pia? Nao ni wabaguzi?

Hapana. Mwanaharakati C. Delores Tucker, mwanamke mweusi aliyeandamana enzi za haki za kiraia, aliipinga rap ya matusi miaka ya 1990 kwa sababu ya heshima ya wanawake weusi. Mchungaji Calvin Butts wa Harlem naye. Unaweza kutokubaliana nao, lakini walikuwa wakigombana na watoto wao, kwa lugha ya nyumbani.

Ninachokitofautisha nao ni kile kilichotokea Aprili 2007. Mtangazaji mzungu, Don Imus, aliwatukana hewani wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha Rutgers kwa lugha ya kibaguzi. Alifukuzwa kazi, lakini mjadala ukahama upesi: rap ndiyo iliyomfundisha kusema hivyo. Mzee aliyekuwa redioni tangu kabla hip hop haijazaliwa akatafutiwa mwalimu wa matusi, na mwalimu akawa kijana mweusi.

Ni Marekani tu?

La. Polisi wa London walikuwa na fomu namba 696 kuanzia 2005, ambayo waandaaji wa maonyesho walitakiwa kujaza; toleo la mwanzo liliuliza hata asili ya watu watakaohudhuria. Iliondolewa 2017 baada ya wasanii wa grime, aina ya muziki wa kurap wa London, kulalamika kwa miaka. Ufaransa, rapa Youssoupha, mzaliwa wa Kinshasa na mtoto wa Tabu Ley Rochereau, alishtakiwa na mwandishi Éric Zemmour kwa mistari ya wimbo. Alitiwa hatiani 2011, akashinda rufaa 2012. Baba alishangiliwa na Afrika nzima kama mfalme wa rumba. Mtoto, kwa kurap Paris, akajikuta kizimbani.

Na hapa kwetu? Rap nayo iliitwa muziki wa wahuni.

Iliitwa, na ninaikumbuka vizuri. Lakini hapa si rangi. Ni umri, mtaa na kipato, na baadhi ya wazazi waliichukua sura hiyo kutoka kwenye video na magazeti ya nje. Hata hivyo rapa Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kutoka Mbeya na mwenzake Professor Jay mwaka 2015 kutoka Mikumi. Tusichanganye mambo haya mawili.

Neno "urban" lina shida gani?

Kwenye tuzo na redio za Marekani lilimaanisha "muziki wa watu weusi" bila kulitamka. Rapa Tyler, the Creator alilipinga hadharani Januari 2020, usiku uleule aliposhinda Grammy ya albamu ya rap kwa kazi ambayo hakuiona kuwa rap hasa. Katikati ya mwaka huo Grammy ililiondoa kwenye jina la tuzo mojawapo. Kwa Kiswahili usiandike "muziki wa mijini". Andika ni muziki gani.

Hali imebadilika?

Kwa sehemu. Mwaka 2015 Geraldo Rivera wa Fox News alisema, akimlenga rapa Kendrick Lamar, kwamba hip hop imewaumiza vijana weusi kuliko ubaguzi. Miaka mitatu baadaye Kendrick huyohuyo akapewa tuzo ya Pulitzer ya muziki, ya kwanza kwa kazi isiyo ya muziki wa kale wa Ulaya wala jazi. Lakini tuzo huwafikia mabingwa. Kijana wa miaka 19 mwenye nyimbo mbili mtandaoni bado anaandikwa kwa kalamu ya 1990.

Mimi ni mwandishi, natafsiri habari hizi kila siku. Nifanye nini?

Nitakueleza nililolifanya mimi. Zamu moja ya usiku nililetewa habari ya shirika la habari kutoka Marekani: rapa akamatwa, mauaji. Picha ilikuwa ile ya polisi, uso mtupu chini ya taa nyeupe. Nikaandika haraka: "Rapa anaswa kwa mauaji." Asubuhi niliisoma tena nikiwa na chai. Aya ya tisa ilisema kijana yule ni fundi wa magari kwenye gereji, na aliwahi kupandisha nyimbo mbili mtandaoni. Hakuwa ametiwa hatiani kwa lolote. "Anaswa" ni neno la panya na mtego, na nililichagua mimi. Kiingereza hakikuwa nalo.

Tangu siku hiyo naisoma habari hadi mwisho kabla ya kugusa kichwa cha habari. Kazi ya mtu naitaja ile inayomlipia kodi ya nyumba. "Anashukiwa" haligeuki "amefanya". Natafuta picha ya jukwaani au ya familia, na ile ya polisi naitumia pale tu kesi yenyewe inapoidai. Halafu nalitoa jina na kuweka la mwimbaji wa kantri, nasoma sentensi kwa sauti, na ikisikika ngeni mdomoni naiandika upya. Usiku ule ningefanya hivyo, kichwa kingekuwa: "Fundi magari ashukiwa kwa mauaji."